Sushi ya Texas: mlaji analipia nini hasa?

Katika mtaa wa Deep Ellum mjini Dallas, kiasi cha kilomita 400 kutoka ufuko wa bahari ulio karibu zaidi, upo mkahawa wa Kijapani wenye viti kumi tu mbele ya mpishi. Kila mlaji hulipa zaidi ya dola 150 za Kimarekani, kabla ya kodi na bakshishi, ili apewe kimoja kimoja vipande vya samaki, vingi vikiwa havijaguswa na moto, vilivyolazwa juu ya matonge madogo ya wali.

Mkahawa huo, uitwao Tatsu, ulifunguliwa mwaka 2022 na mpishi Tatsuya Sekiguchi. Mwezi Novemba mwaka 2024, mwongozo wa Michelin ulipotoa kwa mara ya kwanza orodha yake ya jimbo la Texas, Tatsu ulikuwa mkahawa pekee wa mjini Dallas uliotunukiwa nyota.

Watu wengi kutoka Afrika Mashariki wamefanya makazi yao katika miji ya Dallas, Fort Worth na Houston: wauguzi, wanafunzi, madereva wa malori, wahandisi, na familia za wakimbizi kutoka Kongo na Somalia. Aghalabu mmoja wao huiona sushi kwa mara ya kwanza pale anapoalikwa na mwajiri au mwenzake wa kazini. Hapo humjia maswali mawili. Kwa nini mtu ale samaki asiyepikwa? Na kwa nini amlipie fedha nyingi namna hiyo?

Maswali hayo mawili yana jibu moja, nalo ni namna samaki alivyotunzwa tangu dakika alipotolewa majini. Jibu hilo linamhusu pia mvuvi wa Shimoni na wa Kizimkazi, hata kama hatakanyaga Texas maisha yake yote.

Nyota na sifa

Ni vyema kwanza kueleza sifa hizo hutoka wapi. Michelin ni kampuni ya Kifaransa ya kutengeneza matairi, ambayo mwaka 1900 ilianza kuchapisha kitabu cha kuwaongoza wenye magari. Utaratibu wa kutoa nyota kwa mikahawa ulianza mwaka 1926. Wakaguzi wake hula bila kujitambulisha na hulipia mlo wao. Hata hivyo, mwongozo wa Texas ulipatikana kwa ushirikiano na taasisi za utalii za jimbo na za miji mikubwa, Houston, Dallas na Fort Worth zikiwamo. Kwa hiyo nyota ni ushahidi wa ubora, na papo hapo ni sehemu ya biashara ya utalii.

Sifa ya sushi ya Texas ilitangulia nyota hizo kwa miaka mingi. Mpishi Tyson Cole, Mmarekani asiye na asili ya Kijapani, alijifunza kazi kwa miaka mingi chini ya mafundi wa Kijapani kabla ya kufungua mkahawa wa Uchi mjini Austin mwaka 2003. Mwaka 2011 alipata tuzo ya James Beard ya mpishi bora wa eneo la kusini magharibi. Uchi ilifika Houston mwaka 2012, katika jengo lililokuwa kwa miongo mingi mkahawa mashuhuri wa Kimeksiko, na Dallas mwaka 2015. Mjini Houston, mpishi Manabu Horiuchi, mzaliwa wa Japani, amejijengea jina katika mkahawa wa Kata Robata tangu mwaka 2009.

Samaki mbichi ni yupi?

Kiswahili kinatumia neno moja kwa mambo mawili. Muuza samaki wa Tanga anayenadi samaki wabichi anamaanisha kwamba hawakukaushwa wala kulala. Wahenga waliposema samaki mkunje angali mbichi, walikusudia hali hiyo hiyo ya upya. Lakini nyama mbichi au unga mbichi ni kitu ambacho hakijapikwa. Mgeni kwenye kaunta ya sushi huziunganisha maana hizo mbili na kudhani kwamba anakula samaki ambaye hakupikwa kwa sababu ametoka baharini asubuhi ile.

Mara nyingi sivyo. Samaki wengi wanaoliwa kwenye mkahawa wa hadhi ya juu wamekwisha kugandishwa, au wamepumzishwa katika baridi kwa siku kadhaa. Nyama ya samaki aliyekufa muda huo huo huwa ngumu, na ladha yake ni hafifu. Akitunzwa vizuri, kemikali za misuli yake huvunjika taratibu na kuzaa ladha nzito ambayo Wajapani huiita umami. Jodari mkubwa aweza kulazwa siku kadhaa kabla ya kukatwa. Vibua hukolezwa chumvi, kisha huoshwa kwa siki. Mkunga huchomwa, na pweza huchemshwa.

Kwa maneno mengine, kutopikwa hakumaanishi kutofanyiwa kazi. Watu wa pwani, waliozoea ng'onda na papa mkavu, wanajua vilevile kwamba samaki aweza kutengenezwa kwa chumvi, jua na muda, pasipo sufuria.

Kutoka kibanda cha njiani hadi nyota

Asili yenyewe ya sushi ni uhifadhi wa chakula. Zamani, katika nchi za Asia ya Kusini Mashariki na baadaye Japani, samaki alitiwa chumvi na kufukiwa ndani ya wali kwa miezi. Wali ulichacha, na uchachu ule ukamlinda samaki asioze. Siku ya kula, wali ulitupwa na samaki akaliwa. Karibu na ziwa Biwa nchini Japani, sushi ya namna hiyo ingali inatengenezwa.

Karne zilivyopita, watu walianza kuula na wali, kisha wakaacha kungoja uchache, badala yake wakautia siki. Katika miaka ya 1820, katika mji wa Edo ambao leo ni Tokyo, ulienea mtindo wa kubana tonge la wali kwa mkono na kulifunika kwa kipande cha samaki. Mpishi Hanaya Yohei ndiye anayetajwa zaidi kuwa mwanzilishi wake. Kilikuwa chakula cha haraka cha vibandani, kilicholiwa kwa mkono na watu waliokuwa na shughuli zao, mithili ya mishikaki ya Forodhani.

Sushi iliota mizizi Marekani kupitia Los Angeles katika miaka ya 1960. Kisha ikaja ndege. Mwezi Agosti mwaka 1972, jodari waliovuliwa mashariki mwa Kanada waliuzwa katika soko la Tsukiji mjini Tokyo baada ya kusafirishwa kwa ndege kutoka Amerika Kaskazini. Kabla ya hapo samaki hao walikuwa na thamani ndogo mno kwao. Tangu wakati huo samaki huenda pande zote mbili. Mnada wa Tsukiji ulihamia Toyosu mwaka 2018, na leo ndege za moja kwa moja kati ya Tokyo na miji ya Dallas na Houston huchukua takriban saa 12 hadi 14. Hiyo ndiyo sababu umbali wa Dallas na bahari si kikwazo: bandari ya sushi ya Dallas ni uwanja wa ndege.

Mchele wa Webster

Mafundi wa sushi husema kwamba wali ndio unaomtambulisha mpishi. Hupikwa kwa mchele wa punje fupi zenye kunata, hukolezwa siki, chumvi na sukari, na huandaliwa ukiwa na joto la mwili wa binadamu, si la friji.

Katika jambo hilo Houston ina historia yake. Mwaka 1903 alifika Texas Seito Saibara, aliyekuwa mbunge nchini Japani na rais wa chuo cha Doshisha. Wafanyabiashara wa Houston na kampuni ya reli walikuwa wakitafuta wataalamu wa kilimo cha mpunga. Saibara aliweka makazi Webster, kusini mashariki mwa jiji, akapanda mbegu ya Kijapani iitwayo Shinriki, ambayo kumbukumbu za Texas zinasema ilikuwa zawadi ya Mfalme wa Japani. Mavuno ya mwaka 1904 yalikuwa mapipa 34 kwa ekari, wakati mbegu za kienyeji zilitoa 18 hadi 20. Kilimo cha mpunga katika pwani ya Texas kilipata nguvu mpya.

Pamoja na mchango huo, Saibara hakupata uraia wa Marekani. Sheria za wakati ule hazikuwaruhusu wahamiaji wa Kijapani kuuomba, na sheria ya uhamiaji ya mwaka 1924 iliwafungia wenzake mlango wa kuingia. Aliondoka kwenda Amerika Kusini, akarejea Webster katika miaka yake ya mwisho. Anayekaa leo kwenye kaunta ya Houston na kusifu wali wa Kijapani yuko mwendo mfupi wa gari kutoka mahali mpunga huo ulipopandwa na mgeni ambaye nchi ilimhitaji lakini haikutaka kumwita wake.

Baridi badala ya bahati

Hofu ya kula samaki asiyepikwa ina msingi. Samaki wa baharini huweza kubeba minyoo inayomdhuru binadamu, na yule wa maji baridi ni wa hatari zaidi.

Kanuni za chakula za shirika la serikali ya Marekani la chakula na dawa, FDA, ambazo Texas imezifanya kuwa msingi wa kanuni zake, zinaagiza kwamba samaki wa kuliwa bila kupikwa agandishwe kwanza kwa nyuzi 20 za Selsiasi chini ya sifuri kwa siku saba, au agandishwe kwa nyuzi 35 chini ya sifuri na kuwekwa humo saa 15. Baridi hiyo huua minyoo. Friji la kawaida la nyumbani haliwezi kuaminiwa kwa kazi hiyo. Wamesamehewa sharti hilo aina kadhaa za jodari, ambao kwa kawaida minyoo hiyo haipatikani katika nyama yao, pamoja na baadhi ya samaki wa kufugwa wanaolishwa chakula maalumu.

Kugandisha hakuondoi kila hatari. Jodari na vibua wakiachwa katika joto baada ya kufa, bakteria hutengeneza ndani ya nyama sumu iitwayo histamini. Sumu hiyo haiondoki kwa kugandisha, na jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba haiondoki hata kwa kukaanga au kuchemsha. Aliyewahi kuwashwa mwili na kuumwa kichwa muda mfupi baada ya kula jodari aliyepikwa vizuri huenda alikutana nayo. Kinga ni moja tu: barafu, tangu saa ya kwanza.

Kwa sababu hiyo wavuvi wanaouza kwa wapishi wa sushi humuua samaki mara moja kwa kumchoma ubongo, humtoa damu, kisha humzamisha katika barafu. Samaki aliyeachwa afurukute hadi kufa hupata joto mwilini, na nyama yake huharibika upesi. Jodari aliyekufa hivyo hutoka na nyama iliyopauka, kana kwamba imeanza kupikwa, na mnunuzi wa mnadani huitambua kwa kutazama kipande kidogo cha mkiani.

Bei hutoka wapi?

Mlaji, basi, analipia msururu wa watu ambao hakuna aliyemwachia samaki apate joto: mvuvi, mnadi, mchukuzi wa ndege, na mpishi. Mmoja wao akizembea, kazi ya wengine wote imepotea.

Analipia pia sehemu zisizofika mezani. Kichwa, mifupa, ngozi na nyama yenye nyuzi nyingi hupungua katika uzito ulionunuliwa. Analipia uchache wa viti, kwa sababu mpishi anayebana kila tonge kwa mkono wake hawezi kuhudumia watu mia moja. Aidha, analipia miaka ya mafunzo. Katika desturi ya zamani, mwanafunzi huosha mchele na kutazama kwa muda mrefu kabla ya kuruhusiwa kumkata samaki mbele ya mgeni.

Kuna sushi nyingine, ya madukani na ya mikahawa ya kawaida, yenye parachichi, jibini na mayonezi, inayouzwa kwa dola chache. Hiyo nayo ni chakula halali cha mwenye haraka, na iko karibu zaidi na kile kibanda cha Edo. Tofauti ni kwamba ladha yake inatoka kwenye viungo, ilhali kwenye kaunta ya bei ya juu samaki hana pa kujificha.

Walaji wajihadhari na nini?

Mlo ambao mpishi huchagua mwenyewe huitwa omakase, maana yake nakuachia wewe. Lakini kumwachia mpishi hakumzuii mlaji kusema mapema asichokula. Wakati mzuri ni siku ya kuweka nafasi, si baada ya kukaa.

Kwa Waislamu, samaki si tatizo. Tatizo ni vitu vya kukolezea. Mpishi mara nyingi humpaka samaki mchanganyiko wa sosi ya soya na mvinyo wa mchele, au ule mtamu uitwao mirin, ambao pia hutiwa katika mchuzi wa mkunga na katika mayai ya kukaanga. Mikahawa mingi ya aina hii huweza kutumia sosi isiyo na mvinyo ikiarifiwa mapema, ingawa sosi ya soya ya kawaida huwa na kileo kidogo kinachotokana na uchachu wake. Kila mmoja ataamua kwa mujibu wa imani yake.

Wanawake wajawazito na watu wenye kinga dhaifu ya mwili hushauriwa na wataalamu wa afya wasile samaki asiyepikwa. FDA pia inawataka wajawazito na watoto wamwepuke jodari wa macho makubwa kwa sababu ya zebaki, hata akiwa amepikwa.

Adabu zake si ngumu kwa mtu wa pwani. Tonge la sushi laweza kuliwa kwa mkono bila aibu yoyote, na huliwa mara tu linapowekwa, kwa funda moja. Upande wa samaki ndio unaochovywa katika sosi, si wali. Tangawizi huliwa kati ya kipande na kipande ili kusafisha ulimi. Ile rojo ya kijani kibichi iwashayo, wasabi, katika mikahawa ya bei nafuu huwa ni mzizi mwingine uliotiwa rangi. Wasabi wa kweli ni adimu na ghali. Manukato makali hayapendezi mahali hapo, na atakayechelewa huwachelewesha wengine wote. Bakshishi ya asilimia 18 hadi 20 ni kawaida ya Marekani, lakini ankara isomwe kwanza, kwani mikahawa mingine huwa imeshaijumlisha.

Na bahari yetu?

Wapo wanaouliza kama mwani wa Zanzibar ndio ule mweusi unaoviringishiwa sushi. Sio. Mwani unaolimwa Unguja na Pemba tangu mwaka 1989, kwa sehemu kubwa na wanawake, ni wa jamii nyingine, na husafirishwa ili utolewe utomvu wa kugandishia vyakula na dawa za meno.

Kwa jodari, hata hivyo, uhusiano upo. Jodari wa mapezi ya manjano na yule wa macho makubwa hupita katika maji ya Somalia, Kenya, Tanzania na Ushelisheli. Meli kubwa za nyavu, nyingi zikiwa za Ulaya, huwavua kwa ajili ya viwanda vya makopo. Meli za ndoana nyingi kutoka Asia huwagandisha hadi nyuzi 60 chini ya sifuri na kuwapeleka kwenye masoko ya wala sushi. Mwaka 2015 tume ya jodari ya Bahari ya Hindi, yenye makao yake Victoria, Ushelisheli, ilitangaza kwamba wa mapezi ya manjano walikuwa wamevuliwa kupita kiasi, na mwaka uliofuata ikaweka mpango wa kupunguza uvuvi wao. Tathmini ya mwaka 2024 ilileta matumaini zaidi.

Mvuvi wa mshipi anayetoka na mashua kusini mwa Unguja humvua samaki wa jamii hizo hizo. Anamvua mmoja mmoja, njia ambayo mafundi wa sushi huithamini kuliko wavu mkubwa. Lakini akiwa hana barafu chomboni, kila saa ya kurudi ufukoni chini ya jua humshusha thamani samaki wake, hata akifika mnadani hana la kufanya ila kupokea bei ya jioni.

Serikali za eneo hili zimekuwa zikizungumzia uchumi wa buluu kwa miaka kadhaa, na mjadala huelekea zaidi kwenye leseni za meli za kigeni na ujenzi wa bandari. Kaunta ya viti kumi mjini Dallas inaonyesha kwamba sehemu kubwa ya thamani ya samaki huamuliwa mapema zaidi, katika saa ya kwanza, kwa kisu kidogo na sanduku la barafu.